Chupa ya Ng'ambo

11 Machi

Daftari la kazi linataka namba peke yake: nimebadilisha nini kwenye modeli ya kompyuta, saa ngapi, kwa nini. Mkuu wa kitengo hulikagua kila Ijumaa kwa kalamu nyekundu. Tunamwita Nukta kwa sababu hajawahi kuona desimali akaiacha ipite. Wiki iliyopita alikuta nimeandika pembeni "nimechoka", akaniuliza kuchoka kwangu kunapimwa kwa kizio gani. Basi nimenunua daftari hili kwa ajili ya yale yasiyo na kizio.

Mvua kubwa imeanza. Juzi ukuta wa bwawa la maji machafu la kiwanda cha kuchovya vyuma ulipasuka, na kila inaponyesha, maji yenye shaba yanamwagika mtoni. Sisi ofisi ya maji tumetakiwa kuonyesha madhara yamefika wapi, ili kiwanda kiambiwe kisafishe urefu gani wa mto. Hesabu nimepewa mimi, kwa kompyuta.

Atakayeniletea maji ni Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Huu ni mwaka wa kumi na nne anachukua sampuli za ofisi hii. Gari humshusha asubuhi na kreti ya chupa, mchana humrudisha na tope hadi magotini. Ndiye aliyeninong'oneza miaka sita iliyopita kwamba ghorofani kuna nafasi ya mtu wa hesabu. Leo tumepishana kwenye ngazi, akanitazama viatu.

"Shemeji, wewe mto unaujua kama mimi ninavyoijua ndege. Unauona ukipita tu."

Nikamwambia mto wangu hauna mbu. Akasema hauna hata maji.

12 Machi

Mvua.

16 Machi

Wanangu pacha wameniuliza mezani kazi gani hiyo inayonifanya niongee peke yangu. Nikawaeleza: nimeukata mto vipande tisini, kila kipande nakihesabu kama beseni. Maji ya beseni hili yanaingia lile, na kompyuta inapiga hesabu ya shaba iliyomo katika kila moja. Kisha naipa idadi ya konokono na samaki wachanga waliokuwapo kabla, nayo inanipa watakaobaki.

Mmoja akauliza, "Sasa hao samaki wanakufa kweli au wanakufa kwenye kompyuta?"

Mwenzake akamjibu, "Kwenye kompyuta. Baba haendi mtoni."

Mama yao alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Ni maneno ya dada yake hayo, watoto wameyameza mazimamazima.

19 Machi

Vituo vya sampuli ni saba, kuanzia mfereji wa kiwanda kuteremka na mto. Namba za shaba za jana zimeletwa kutoka maabara: 96, 71, 55, 41, 212, 36, 30. Zinashuka kwa adabu kama ngazi, isipokuwa hiyo ya kituo cha tano. Mia mbili na kumi na mbili imetoka wapi katikati ya arobaini na moja na thelathini na sita?

Nimeiendesha modeli mara kumi na moja. Nikiifuata 212, vituo vingine vyote vinakwenda kombo. Nikiitoa, mstari unapita juu ya namba sita zilizobaki kana kwamba umechorwa kwa rula.

20 Machi

Ofisi hii huondoi namba hivi hivi. Kuna fomu, na fomu inataka sababu, na sababu zimeshachapwa, kazi yako ni kutia alama: lebo imekosewa, chupa haikusuuzwa, mashine ya maabara ina hitilafu, nyingine. Ukichagua "nyingine" unajaza ukurasa mzima wa maelezo, kisha Nukta anakuita.

Mashine ya maabara ilikaguliwa mwezi uliopita, ni nzima. Kituo kwenye jedwali kimeandikwa 5, kwa hiyo lebo haina neno. Nikatia alama "chupa haikusuuzwa", nikasaini, nikamalizia chai yangu. Nilifikiria kushuka maabara kumuuliza Shemeji, lakini angenipotezea nusu saa kwa utani.

25 Machi

Mvua ya siku tatu bila kupumzika. Kibaraza kimejaa maji, pacha wanaelesha viatu vyao kama mashua.

Modeli sasa inaimba. Kulikuwa na tatizo dogo: shaba iliyotoka kiwandani na shaba niliyoikuta mtoni hazilingani, karibu nusu imepotea njiani. Nikaiambia modeli kwamba imezama kwenye tope. Nilikigeuza kidogo tu kile kipimo cha kuzama, hesabu ikafunga. Nukta aliangalia grafu dakika nzima bila kutoa kalamu, na kwake hiyo ni pongezi.

Shemeji alikuja kula kwetu jioni. Alivua mabuti mlangoni, akaingia akilalamika kuhusu mgongo.

"Kule upande wa pili, kwenye matete, konokono wamekufa," alisema. "Wamelala tumbo juu. Sijawahi kuona vile."

Mimi nilikuwa bado naiona grafu kichwani. Nikamwambia, "Waandike kwenye fomu."

"Fomu haina nafasi ya konokono."

"Basi hawajafa rasmi," nikasema, na tulicheka sote watatu, mke wangu pia. Yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

2 Aprili

Mvua. Ripoti imefika ukurasa wa arobaini.

9 Aprili

Leo kikao na watu wa kiwanda. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Upande wao alikuja wakili wao, mama mmoja mpole, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Nilionyesha grafu zangu: madhara yameenea kilomita tatu kutoka mfereji wa kiwanda, baada ya hapo mto unajisafisha. Walinisikiliza kwa heshima zote. Nilijiona mtu.

Kisha mama yule akavaa miwani, akachomoa karatasi moja kwenye viambatisho vya ripoti yetu wenyewe. Ilikuwa fomu yangu.

"Hapa ofisi yenu inasema mchukuaji wenu hakusuuza chupa," alisema taratibu. "Chupa hii mmeikamata kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa mno. Sasa zile ambazo hakusuuza na namba zake hazikushangaza mtu, mmezijuaje?"

Mchukuaji ni mmoja kwa sampuli zote, na akidondoka yeye, ripoti yote inadondoka naye. Nukta alinigeukia. Nilifungua mdomo, kikatoka kitu kama, "Ni chupa moja tu." Hata mimi nilijisikia nilivyokuwa mwepesi.

Nukta akaokoa jahazi kwa namna anayoijua yeye. Alisema ofisi inachukulia usafi wa sampuli kwa uzito, kwamba mchukuaji ataondolewa kazini mara moja, na kwamba chupa zote zilizobaki zitakaguliwa upya na maabara nyingine. Mama yule akaandika, akatosheka. Ripoti ikapona.

Tulipotoka Nukta aliniambia, "Pole. Najua ni shemeji yako." Nikamjibu kwamba kazi ni kazi. Nimeandika jibu hilo hapa ili nilione.

10 Aprili

Shemeji kamwaga unga, kaachishwa kazi. Miaka kumi na minne, barua ya mistari minne. "Uzembe katika kuchukua sampuli" imo katika mstari wa pili.

Alikuja kwetu nayo mkononi, bado imo kwenye bahasha, kama mtu aliyekuja kusomewa. Mke wangu ndiye aliyeisoma kwa sauti. Shemeji alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono katikati ya magoti.

"Chupa nasuuza mara tatu," alisema. "Mara tatu, kwa maji ya mto wenyewe, na ninamwaga chini ya pale ninapochota. Hata nikiwa na homa nasuuza mara tatu. Nani kasema sikusuuza?"

Mke wangu akanigeukia. "Wewe uko hukohuko. Nani kaandika?"

"Ofisi," nikasema.

"Ofisi ina mikono?"

Nikasema nitaulizia. Shemeji hakuniangalia. Alikunja barua, akaikunja tena, akawauliza pacha kama wamemaliza hesabu zao. Aliwasaidia swali la sehemu hadi wakamaliza. Mimi nilikuwa jikoni naosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

11 Aprili

Mvua.

14 Aprili

Mvua. Maabara ile nyingine imemaliza: chupa zote zilizobaki ni safi kabisa, hakuna hata moja yenye kasoro. Nukta amefurahi kwa ajili ya ripoti. Nilimuuliza kama basi barua ya Shemeji haiwezi kuangaliwa upya. Akasema, "Kwa hiyo unataka kusema fomu yako ilikosea?" Nikasema hapana.

21 Aprili

Nimeshuka maabara kutafuta orodha ya tarehe. Ni ngazi kumi na nane, leo nimezihesabu. Kwenye rafu kulikuwa na daftari la Shemeji, lile la jalada gumu lililovimba kwa unyevu. Hakuna aliyelichukua, maana hakuna anayelihitaji. Sisi tulio juu hupata jedwali tu, ambalo karani huchapa kutoka humo.

Nilifungua 18 Machi. Mwandiko wake mkubwa wa duara:

"Kituo 5. Ngazi za kushukia zimezama, haifikiki. Nimevuka daraja la miguu, nimechota NG'AMBO. Saa 3:40. Maji upande huu yana kijani kama ya zulia lililochuja. Yule wa juu aambiwe."

Yule wa juu ni mimi. Jedwali halina safu ya ng'ambo, karani akaandika 5.

Nilikaa kwenye kiti chake. Nilielewa yote kwa pamoja, na sikupenda hata kimoja. Vituo vyote saba viko ukingo wa kulia kwa sababu barabara iko kulia. Mfereji wa kiwanda unaingia kushoto. Mabeseni yangu tisini yanachukulia kwamba uchafu ukishaingia unachanganyika mara moja kutoka ukingo hadi ukingo, na ng'ambo ni sawasawa na hapa. Lakini mto mpana hauchanganyiki hivyo. Uchafu unaweza kuukumbatia ukingo mmoja kwa kilomita kadhaa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hilo. Nilijua hilo. Ile nusu ya shaba niliyoizamisha kwenye tope haikuzama popote, ilikuwa inapita upande wa pili, mahali pasipokuwamo kwenye modeli yangu.

Chupa ilikuwa safi. Ripoti inasainiwa keshokutwa.

22 Aprili

Sijasema.

23 Aprili

Ripoti imesainiwa saa nne asubuhi. Nilikuwepo, nilishika kalamu ya akiba.

Nataka kuandika kwa nini nilinyamaza, maana jana nilijipa sababu nzurinzuri na leo hata moja haisimami. Nilijiambia kwamba daftari si ushahidi. Nilijiambia kwamba ripoti yenye kilomita tatu ni bora kuliko ripoti iliyoanguka. Ukweli ni mdogo na una aibu: kama chupa ile ni kweli, basi modeli yangu ni uongo, na fomu ile ina saini yangu, na nilimdanganya mke wangu usoni. Nilitaka vyote vitatu visijulikane. Nilitaka siku moja tu ya ziada, na siku moja ikazaa nyingine.

30 Aprili

Mvua. Mke wangu amenipakulia chakula akaenda kukaa na pacha.

4 Mei

Shemeji alikuja. Mji wa jirani wanatafuta mchukuaji sampuli. Wamempenda, lakini wameandikia ofisi yetu kuomba jalada lake, na jibu lifike kabla ya mwisho wa mwezi. Jalada lina ule mstari wa pili. Mchukuaji aliyeandikiwa kwamba hasuuzi chupa hataajiriwa na mtu yeyote mwenye akili. Mimi mwenyewe nisingemwajiri.

"Nisemee, Shemeji," alisema. "Wewe unakaa karibu na Nukta. Sitaki wanirudishe. Nataka waseme tu kwamba nilikuwa nafanya kazi yangu."

Nilisema nitajaribu. Akatania kwamba nikifanikiwa ataninunulia mabuti, nami nianze kulowa kama watu. Nilicheka. Sijui niliipata wapi ile sura ya kuchekea.

8 Mei

Nimeomba ruhusa ya siku moja, nimekwenda mtoni.

Miaka sita, na ni mara yangu ya kwanza kusimama pale kwenye kituo cha tano. Kwenye skrini yangu ni kipande namba arobaini na nane. Kuna ngazi za saruji zilizomomonyoka, mvua ikiwa imepungua zimetokeza tena, na mtu kafungia kamba ya nguo kwenye nguzo ya kupimia kina. Nilivuka daraja la miguu. Katikati yake nilisimama nikatazama chini, na hakukuwa na haja ya kompyuta. Mto ulikuwa na rangi mbili. Kulia kahawia ya kawaida ya mvua, kushoto kijani hafifu, na katikati mstari unaoyumba lakini haukatiki. Mtu yeyote anayevuka daraja lile anauona. Wanafunzi walipita nyuma yangu wakiongea mambo yao.

Ukingo wa kushoto sikukuta harufu mbaya. Nilikuta kimya. Matete yamesimama, chini yake maganda ya konokono yamejaa kama vifungo vilivyomwagika. Nilitafuta hai mmoja kwa saa nzima. Huku ndiko samaki wanakotaga, imo katika ripoti yangu ukurasa wa tisa, nimeiandika mwenyewe.

Nilizama kwenye tope hadi mapajani nikajitoa kwa kushika matete. Nilichota chupa sita ukingo wa kushoto, na nyingine sita ukingo wa kulia mkabala wake. Kila moja nilisuuza mara tatu na kumwaga chini ya pale ninapochota.

12 Mei

Majibu yametoka. Ukuta wa bwawa bado umezibwa kwa magunia tu, kwa hiyo shaba bado inatoka, na nimeweza kulinganisha kushoto na kulia. Nimeukata mto upya, kila kipande mara tatu kwa upana: kulia, kati, kushoto. Nimekirudisha kipimo cha kuzama mahali kilipokuwa kabla sijakigusa. Kisha nikairudisha modeli nyuma hadi 18 Machi, saa tatu na dakika arobaini, kituo cha tano, ng'ambo.

Imenipa 205. Chupa yake ilisema 212.

Shaba yote imeonekana, hakuna iliyopotea. Madhara ya ukingo wa kushoto ni kilomita kumi na moja. Nimeandika tatu.

13 Mei

Nimempelekea Nukta. Lazima niseme haki: alisoma yote, na aliposhika ile grafu ya kushoto alivua miwani.

"Ripoti itarekebishwa," alisema. "Hilo usiwe na wasiwasi nalo. Hesabu hurekebishwa kila siku. Andika 'hitilafu ya modeli', kiwanda watapiga kelele, watazoea."

"Na fomu ya chupa?"

"Fomu iache."

"Ikibaki, jalada la mchukuaji linabaki."

Alichezea kofia ya kalamu. "Ukitaka kuifuta fomu, inabidi aliyesaini aandike kwamba alitia alama bila ushahidi. Hiyo si hitilafu ya modeli tena. Hiyo ni wewe. Itakaa kwenye jalada lako, na wakili yule ataisoma kwa sauti. Umefikiria?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Siku mbili! Hata leo nimeomba siku.

15 Mei

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo za pacha. Nilianza kwa mabeseni na vipande na mchanganyiko wa maji, akanikatiza.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Mimi."

"Na siku ile nilipokuuliza?"

Aliendelea kukunja, soksi kwa soksi, hadi kikapu kikaisha. Ndipo aliposema, "Nenda kamwambie mwenyewe. Na mimi usinitume kukuombea radhi. Hapo simo."

16 Mei

Nimekwenda kwake. Anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, chumba na ukumbi, mabuti ameyaosha na kuyageuza juu chini dirishani. Alinikaribisha kwa utani kama kawaida, kwamba leo mtaalamu kapotea njia. Nilimwambia nimekuja na barua ninayotaka aisikie kabla sijaipeleka. Nikamsomea nimesimama.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umeandika saa tatu na kumi na nne. Ilikuwa saa tatu na arobaini."

Nilirekebisha kwa kalamu.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Ishirini na moja Aprili. Nililiona daftari lako."

Alihesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza, wiki kwa wiki. "Siku niliyokuja kukuomba unisemee ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nikakutania."

"Ndiyo."

Alinyanyuka akaenda kuyageuza mabuti, ingawa yalikuwa makavu. Aliongea akinipa mgongo, bila hasira hata kidogo, na ningeomba awe nayo.

"Kuitilia shaka chupa siyo kosa. Hata mimi ningeitilia. Namba ile ilinishtua nilipoisikia. Lakini kutoka juu kwako hadi maabara ni kushuka ngazi tu. Mbona hukushuka?"

Nilikuwa na jibu, lipo kwenye daftari hili, tarehe ishirini Machi, kwamba angenipotezea nusu saa kwa utani. Nilimwambia hivyohivyo. Nilidhani kumwambia ukweli kamili ndiyo heshima iliyobaki. Nilipoona mabega yake yalivyoshuka nilijua kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko barua ya ofisi.

"Basi iandike na hiyo," akasema. "Andika kwamba hukuniuliza."

17 Mei

Nimeiandika. "Niliondoa kipimo cha kituo cha tano na kutia alama kwamba chupa haikusuuzwa. Sikuwa na ushahidi wowote. Daftari la mchukuaji lilikuwa maabara na mchukuaji mwenyewe alikuwa maabara. Sikulisoma na sikumuuliza. Kipimo chake kilikuwa sahihi, na kosa lilikuwa langu."

Nukta aliisoma, akatafuta pa kuweka kalamu nyekundu, hakupata. Nakala moja imewekwa kwenye jalada lake Shemeji, moja kwangu, moja imetumwa kwa kiwanda, moja mji wa jirani.

24 Mei

Kikao cha pili. Wakili aliisoma barua yangu kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Kiwanda wanabishania kilomita kumi na moja, lakini maji yao hawawezi kuyakana. Mimi nimeondolewa kwenye kazi za ripoti kama hizi. Najaza majedwali ya mvua.

29 Mei

Jua siku nzima. Shemeji amepata kazi.

5 Juni

Mvua imekwisha. Leo ameondoka.

Tulimsindikiza hadi kwenye gari la mizigo, mke wangu, pacha na mimi. Ana vitu vichache, kitanda, meza, masanduku mawili. Nilibeba meza. Nilimtazama usoni nikisubiri, maana meza ilinielemea na nilikuwa natembea kama kaa, na mtu yule katika miaka yote niliyomjua hajawahi kuniona nimebeba kitu akanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: mikono ya kalamu, mgongo wa kiti, chochote. Alisogea pembeni akanipisha.

Pacha walilia. Aliwaahidi kuja likizo. Alimkumbatia mdogo wake, wakanong'onezana, nikaangalia pengine. Zamu yangu ilipofika nilisema niliyokuwa nimeyaandaa, kwamba najuta, kwamba nitajuta muda mrefu, kwamba asinisamehe kabla hajataka. Alisikiliza kichwa kimeinama kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza daktari au mwenye nyumba.

Kisha akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko.

"Asante sana kwa barua, Baba Pacha," akasema. "Imenisaidia."

Hajawahi kuniita Baba Pacha. Hajawahi kunishukuru kwa lolote, alikuwa akinitukana kwa mapenzi. Nilibaki nimeushika ule mkono, nikasema, "Karibu." Akapanda, akafunga mlango, akawapungia watoto.